Kwa Adela, Kuhusu Majina Mawili Kwenye Kazi Moja

Mwanangu Adela,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga bibi, na najua hatakuachia mapema, kwa hiyo nimefunga duka nikakaa hapa sebuleni na kalamu. Sina nguvu ya kuongea leo. Tangu wiki ianze, kila anayekuja kutoa fotokopi ananiuliza binti anaondoka lini. Namjibu, natabasamu, anaondoka, anaingia mwingine anauliza vilevile. Mdomo umechoka. Miguu usiulize, unaijua. Mkono ndio bado una uhai kidogo, basi nautumia kabla nao haujagoma.

Mambo ya safari sitayarudia. Ukae wapi kwenye treni, nani anakupokea Tabora, usinunue nini njiani, hayo baba yako amekwambia kwa simu kutoka Kasekese mpaka salio likamwishia, na shangazi zako watakwambia tena kesho stesheni hata ukiziba masikio. Mimi nataka kukuandikia jambo moja ambalo wao wanalijua vibaya, kwa sababu mimi ndiye niliyewasimulia vibaya.

Ni habari ya Renatus.

Jina hilo umelisikia humu ndani tangu uko sekondari. Ulikua ukijua kwamba kuna kijana mmoja wa Kifipa, msomi, aliyemwibia mama yako kazi. Shangazi yako Judi hata leo akilisikia anasonya. Nakuomba uliweke pembeni hilo unalolijua, nikusimulie upya.

Tulipokuwa tunakaa Kibaoni wewe ulikuwa umeanza kidato cha kwanza, uko bweni, ndiyo maana mengi hukuyaona. Mimi nilikuwa karani wa chama cha wakulima. Chama kilikuwa na ghala la pamoja, watu wanaleta mahindi na mpunga, vinapimwa, vinatunzwa mpaka bei ipande, halafu vinauzwa kwa pamoja. Wakamwajiri Renatus, ametoka chuo, atengeneze programu ya kuandikisha mizigo ile. Meneja akaniambia nikae naye nimweleze kazi za ghala zinavyokwenda, kwa sababu Renatus alikuwa hajui hata tofauti ya mpunga mkavu na mbichi.

Kompyuta ilikuwa moja, benchi moja. Mwanzoni nilikuwa naeleza tu, yeye anaandika. Baada ya muda nikaanza kuuliza hiki ni nini na kile ni nini. Hakunichoka. Baadaye nikawa naweza kusoma alichoandika na kumwambia hapa umekosea. Mwisho nikawa naandika mwenyewe, polepole, kidole kimoja kimoja, yeye amekaa pembeni anaangalia. Tulikuwa tunataniana kama watu wa lori: asubuhi akiingia anauliza, "Leo nani dereva, nani tingo?" Dereva ndiye anayegonga kibodi. Tingo anakaa pembeni, anaangalia barabara, anapiga kelele kukiwa na shimo. Tulibadilishana. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, Adela. Sikuwahi kumwambia mtu hivyo.

Wewe unajua kuliko mimi jinsi mambo haya yalivyo. Kila kipande cha kazi kikikamilika mnakikomiti, yaani mnakiweka kwenye kumbukumbu ya kazi, na maelezo mafupi, na jina la aliyekiandika. Kompyuta ile iliwekwa jina la Renatus siku ilipotolewa kwenye boksi. Basi hata siku nilizokuwa dereva mimi, jina lililoingia lilikuwa lake. Si kwamba alipanga. Mashine ilikuwa inaandika jina lililoko ndani yake, na sisi tulikuwa tunaangalia kazi.

Sasa sikiliza hiki kipande, maana ndicho nilichokuwa nakiruka kila nikisimulia.

Mtunza ghala alikuwa Mzee Sadoki. Mzigo ukiingia, anaandika meseji kwenye simu ya chama: namba ya risiti, jina la mkulima, magunia mangapi. Programu inapokea, inahesabu, inamjibu asante, na kumtumia mkulima idadi yake. Lakini neti ya Kibaoni wakati wa mvua unaijua. Mzee anatuma, asante hairudi, anadhani haijafika, anatuma tena. Magunia kumi yanakuwa ishirini. Tulihangaika na jambo hilo mpaka Renatus akaanza kukosa hamu ya kula.

Siku moja nachambua mchele barazani hapo chamani, jibu likanijia tu, bila kulitafuta. Nikaacha ungo nikaingia ndani.

"Renatus, akituma mara mbili si anatuma risiti ileile?"

"Ileile."

"Basi programu iulize kwanza, risiti hii nimeshaiona? Kama imeshaiona, imjibu asante, lakini isiandike kitu."

Akageuka kunitazama. "Ijibu asante na isiandike kitu?"

"Ndiyo. Maana isipomjibu, yule mzee atatuma mpaka kesho."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Siku hiyo dereva alikuwa yeye. Akaandika, mimi nimesimama nyuma yake naelekeza, tukajaribu, ikakubali. Kabla hajakomiti akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Mama Adela, kuna namna ya kumwandika mtu wa pili. Chini kabisa ya maelezo unaacha mstari mtupu, halafu unaandika kwamba kazi imeandikwa pamoja na fulani, jina lake na barua pepe yake. Nikuandike?"

Nikamwambia, "Aa, acha bwana. Yangu ni nini hapo? Si kazi yetu sote."

"Una uhakika?"

"Hifadhi twende, mboga yangu iko motoni."

Akahifadhi. Hakuniuliza tena, na mimi sikutaka aulize.

Nimefikiri sana kwa nini nilikataa, maana mboga haikuwa motoni. Labda ni malezi. Kule kwenye makazi ya wakimbizi tulikokulia, kabla babu yako hajapata uraia, jina la mtu wa kwetu likiandikwa mahali lilikuwa linaandikwa ili ahesabiwe, hakuna aliyeliandika ili amsifu. Ukifundishwa utotoni usionekane sana, unazoea, halafu unakuja kuuita mazoea yale unyenyekevu. Na watu wanakusifia: mama yule hana makuu. Nilipenda kusifiwa hivyo. Sitaki kukudanganya, nilipenda sana.

Baadaye wakaja wageni kutoka shirika moja, wanataka programu yetu ipelekwe kwenye vyama vingine vya mkoa, na wanatafuta watu wawili wa kuajiri kwa kazi hiyo. Mama mmoja mwenye miwani akakaa kwenye benchi letu, akafungua kumbukumbu ya kazi, akaanza kushuka nayo taratibu.

"Naona Renatus, Renatus, Renatus," akasema. Akanigeukia. "Na wewe mama, ulikuwa unafanya nini?"

Adela, kinywa changu hiki kikajibu, "Nilikuwa namsaidia tu."

Renatus akaruka. "Si kweli! Tumeandika wote. Nusu ya kazi hii ni yake."

Yule mama akatabasamu, tabasamu la mtu anayemwona kijana mwenye adabu. "Ni vizuri kuwa na shukrani," akasema. Akaendelea kushuka na orodha yake ya Renatus.

Wakamchukua yeye, na mwingine wakamtoa kwingine. Mimi chama kikaniambia programu imekamilika, mkataba hautaendelea. Ndiyo tukarudi Mpanda, nikaanza hapa Makanyagio na mashine ya fotokopi na vioo vya simu. Ulivyorudi likizo ukakuta tumeshahama, ukaniuliza kulikoni, nikakwambia nimeibiwa.

Nilianza kukuambia wewe, nikamwambia Judi, nikamwambia bibi yako. Kila nikisimulia, lile swali lake, nikuandike?, lilikuwa linapungua, mpaka likatoweka kabisa. Akabaki kijana msomi na mama mjinga aliyedhulumiwa. Alinipigia simu mara nyingi. Niliiacha iite mpaka inyamaze. Mwisho nikabadilisha laini. Hasira ni kazi ngumu, mwanangu, inachosha kuliko kulima. Nilikuwa naamka nimechoka, nafungua duka nimechoka, naandika barua za watu za kuomba kazi, na kila nikiandika jina la mtu juu ya ukurasa nakumbuka langu halipo popote.

Ikapita misimu. Siku moja nilikwenda Kibaoni kutafuta mchele wa kuuza hapa dukani. Nikaona si vizuri kupita bila kumsalimia Mzee Sadoki. Nikamkuta nyumbani kwake mchana kweupe, amekaa kwenye kigoda, anatazama kuku. Msimu wa mavuno, mtunza ghala yuko nyumbani. Nikajua kuna jambo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Karibu. Umekuja kumtazama mwizi?"

Mkewe akaingia ndani haraka, nikasikia anapenga kamasi.

Akanieleza. Walipouza mzigo wa msimu, kompyuta ilionyesha magunia mengi kuliko yaliyokuwa ghalani. Watu wakaja na meseji zao mkononi: mimi nimeandikiwa mangapi, mbona yapo nusu? Ufunguo anao nani? Sadoki. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyempeleka popote. Walimnyang'anya tu ufunguo, wakaacha kumsalimia. Kanisani akikaa kwenye benchi watu wanasogea. Akaacha kwenda.

"Mama Adela, sijala hata punje moja," akasema.

"Najua, mzee."

"Unajuaje wewe? Hukuwepo."

Ni kweli sikuwa najua, nilisema kwa kumpenda tu. Lakini swali lake likanifanya nifikiri. Nikamuuliza, "Ukituma meseji neti ikakata, ukituma tena, inakujibu asante?"

Akakunja uso, anakumbuka. "Zamani ilikuwa inajibu asante tu, hata nitume mara ngapi magunia hayaongezeki. Siku hizi kila nikituma inajibu, na inataja idadi upya."

Nikasimama. Sikumaliza hata maji niliyopewa.

Chamani nikamkuta fundi mpya, anaitwa Onesmo, mtu mtaratibu, hata hakuniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia afungue mahali programu inapopokea risiti. Akafungua. Kile kipande chetu hakikuwepo.

"Kulikuwa na kipande hapa," nikamwambia. "Kilikuwa kinajibu asante bila kuandika kitu."

Macho yakamtoka. "Mama, nilikifuta mimi. Niliona hakifanyi kazi yoyote, nikadhani mtu alisahau kukimalizia. Lakini sikufuta bila kuuliza! Nilitafuta kwenye kumbukumbu nani amekiandika, nikakuta jina moja. Nikampigia Renatus. Akaniambia sababu yake haikumbuki vizuri, aliyekifikiria ni Mama Adela, muulizeni yeye. Namba aliyonipa haipatikani. Nikauliza hapa mjini Mama Adela ni nani, wakanipeleka kwa Mama Adela wa gengeni."

"Anayeuza nyanya?"

"Huyo. Nikamuuliza habari za risiti, akadhani nimetoka kodi. Alikasirika sana."

Tulicheka, Adela, sote wawili, halafu mimi nikashindwa kuacha, nikajikuta nalia. Onesmo akatoka nje akanipisha.

Maana nilikuwa nimeona kitu chote kwa pamoja. Miaka yote nilidhani jina lingekuwa sifa yangu, kwa hiyo nilipolikataa nilidhani nimekataa sifa, na hasara ni yangu peke yangu. Kumbe jina lile lilikuwa ni la kuulizwa. Lilikuwa pale ili siku mtu asipoelewa ajue agonge mlango upi. Mimi nimeuziba mlango kwa unyenyekevu wangu, nimeukomea kwa hasira yangu, na mzee wa watu amekaa nyumbani anatazama kuku.

Tulirudisha kile kipande siku ileile. Tukapitia risiti zilizojirudia, Onesmo anasoma mimi nafuta, kisha yeye akiwa dereva mimi tingo. Hesabu ikashuka mpaka ikalingana na magunia ya ghalani. Viongozi wa chama wakaenda kwa Mzee Sadoki, wakamwomba radhi mbele ya watu, wakampelekea ufunguo. Akawashukuru. Ufunguo hakuupokea. "Kaeni nao," akasema, akaingia ndani. Kanisani alirudi. Ghalani hajarudi mpaka leo, anapanda karanga. Nilitamani hadithi iishe vizuri zaidi ya hapo.

Siku ileile ya kukirudisha kipande, kabla hatujakomiti, Onesmo akampigia Renatus kumweleza, akanipa simu. Nikaiweka sikioni.

"Dada," akasema.

"Renatus. Mimi simu zako sikupokea kwa makusudi."

"Nilijua. Nilisema nikiendelea kupiga, siku moja utachoka kukasirika."

"Nimechoka."

Nikasikia anavuta pumzi. "Onesmo anataka kukuandika. Jina lako kamili ni nani?"

Tulikaa benchi moja miaka miwili, Adela, na hakuwa analijua. Hakulaumiki. Kibaoni yote nilikuwa Mama Adela, na nilipenda kuitwa kwa jina lako, hata leo napenda. Lakini kina Mama Adela ni wengi.

"Domitila," nikasema. "Domitila Nahimana."

Akalirudia polepole. Kisha akasema, "Siku ile nilipaswa kukuuliza tena. Nilidhani hutaki kweli."

"Hata mimi nilidhani sitaki."

Onesmo akaandika. Mara ya kwanza jina halikushika, alitumia barua pepe ya zamani ya chama ambayo ilishakufa, likakaa pale kama neno tu, halimwelekei mtu. Akaniuliza ninayotumia mimi mwenyewe, akairekebisha, likashika. Unaona ni jambo dogo namna gani. Mstari mtupu, jina, barua pepe iliyo hai.

Sikupata kazi kutokana nalo, usije ukadhani. Nimepata simu mbili tatu za watu wa vyama vingine wanaouliza kipande hiki kinafanyaje. Unakumbuka nikitoka nje ya duka na simu, unaniuliza ni nani, nasema ni watu wa kazi? Ndio hao. Nilikuwa nafurahi kuliko nilivyokuonyesha.

Sasa nakuja kwako. Nimezunguka sana, nivumilie.

Mwaka mzima wewe na rafiki yako Zena mmekaa hapa sebuleni na kompyuta yako, mnatengeneza ile programu ya dawa. Mtu yuko Kasekese huko, mtoto ana homa, anatuma meseji kabla hajapanda bodaboda, anajibiwa duka gani la mjini lina dawa anayoitafuta. Mimi nilikuwa naingia na kutoka na chai, nyie mkidhani sisikii. Nilikuwa nasikia kila kitu, maana kazi ile naijua ladha yake. Nilikusikia ukipigana na ramani ya maduka usiku na mchana mpaka ukaishinda, hiyo ni yako, hakuna wa kukunyang'anya. Na nilimsikia Zena akikwambia, "Adela, watu hawataandika jina lililoko kwenye boksi, wataandika wanavyolisikia." Ukabisha. Mkabishana mpaka chai ikapoa. Kisha ukaandika alivyosema, yeye amekaa pembeni anakutajia majina yote ya dawa yanavyotamkwa na watu, moja baada ya jingine, na wewe unagonga. Kama si kipande kile, programu ingekuwa ya kuwajibu wafamasia tu.

Kompyuta ni yako. Jina lililomo ni lako.

Watu wa Dar walipoiona kazi mtandaoni wakakuita wewe ukafanye kazi kwao, na unastahili, nisikie vizuri: unastahili. Lakini juzi walipokuja majirani kukupongeza, mama mmoja akamgeukia Zena, akamuuliza, na wewe je? Zena akavuta mtandio wake akasema, "Mimi nilikuwa namsaidia tu."

Nilikuwa nimeshika sahani ya maandazi. Niliiweka chini.

Sijui kama wewe ulimsikia. Ulikuwa unacheka na wengine, umefurahi, siku ilikuwa yako. Na mimi sikusema kitu, kwa sababu nilijiambia watoto hawa wanapendana, wenyewe watajuana. Nimejiambia hivyo siku tatu, na kila siku limekuwa zito zaidi.

Sikuamrishi, Adela. Umeshakuwa mtu mzima, na kazi ni yenu si yangu. Nakwambia tu ninachokijua juu ya mtu anayesema namsaidia tu. Ukimuuliza, atakataa. Atacheka, atasema acha bwana, atasingizia mboga iko motoni. Renatus aliniuliza kwa adabu akaliheshimu jibu langu, na adabu ile ilitugharimu wote. Kwa hiyo ukimuuliza muulize tena kesho yake. Usimuulize kama anataka kuandikwa, muulize anataka aandikwe vipi. Akikataa hata hapo, basi amekataa, huenda ana sababu zake, nazo ni zake.

Yaliyokwisha kuhifadhiwa najua ni taabu kuyagusa, ulinieleza siku moja kwamba kurudi nyuma kubadilisha kumbukumbu kunawavurugia wote walioinakili. Lakini mbele mna kazi bado, na hata maelezo ya mwanzo ya programu yana nafasi ya kusema hii wameitengeneza kina nani. Nyie wataalamu mtajua.

Na huko uendako kuna siku tingo utakuwa wewe. Utakaa pembeni ya mtu mwenye sauti kubwa na kompyuta yake, utamwambia neno moja litakalookoa wiki nzima ya kazi, halafu atageuka akuulize, nikuandike? Mimi siwezi kukujibia. Naomba tu usimjibu na sauti yangu.

Nilikuwa nimepanga barua hii niiweke kwenye mfuko wa pembeni wa begi, uisome kwenye treni, ukishapita Kaliua. Nilishaanza hata kuikunja. Ndipo hodi ikabishwa mlangoni, nikafungua, ni Zena. Amekuletea kanga mbili na mafuta ya nywele, na macho yamevimba. Nikamwambia Adela yuko kwa bibi yake, karibu umsubiri. Akaingia jikoni kunisaidia kukatakata mchicha, unamjua hawezi kukaa bure.

Nimeshindwa kujizuia. Nimemuuliza, "Hivi Zena, ile kazi ya dawa, wewe ungependa jina lako liwemo?"

Kisu kikasimama. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu alichokuwa amekizika, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kwani inawezekana?"

Nikamwambia sijui, nitamuuliza Adela.

Basi nimeghairi habari ya begi. Nitakupa barua hii ukiingia tu mlangoni, kabla hujavua viatu. Isome hapohapo umesimama. Halafu nenda jikoni, yupo. Mimi nitakuwa nje kwa jirani, na sitarudi mpaka mniite.

Mama yako,
Domitila